Duwopu: Sauti tano, kodi nne, na kalamu ya mtu mwingine

Wimbo unaanza na besi peke yake. Kijana mmoja anamwaga silabi ambazo hazimo katika kamusi yoyote, nzito na zenye kudunda, kama mtu anayepiga pipa tupu kwa kiganja. Wenzake wanaingia kwa pamoja, halafu juu yao inapanda sauti nyembamba ya mtoto wa miaka 13. Huo ni “Why Do Fools Fall in Love” wa Frankie Lymon and The Teenagers, vijana watano wa New York. Ulirekodiwa mwishoni mwa 1955 na kuingia sokoni Januari 1956.

Vipande vya nyimbo za aina hii havikomi kurudi kwenye simu zetu, vikiwa chini ya video za watu wanaocheza, wanaopika, wanaotangaza mafuta ya nywele. Na kila vinaporudi, ubishi ni ule ule. Huyu anasema hiyo ni kwaya. Yule anasema ni akapela. Mwingine anaapa kwamba ni muziki wa zamani wa Wazungu. Kisha linakuja swali gumu zaidi: iweje wimbo upigwe duniani kote kwa miaka karibu 70, na walioutunga wagombee mahakamani hata kutajwa tu kwamba waliutunga?

Majibu ya maswali hayo yameshikana kuliko yanavyoonekana. Kundi la duwopu liliweza kupanda upesi kwa sababu wimbo wake wote ulikaa mdomoni. Hakukuwa na chombo cha kununua, karatasi ya noti wala mwalimu wa kulipa. Lakini wimbo unaokaa mdomoni hauna hati, na yeyote aliyefika na kalamu aliweza kuuandikia jina lake.

Tukubaliane kwanza maneno

Duwopu ni uimbaji wa kundi dogo, kwa kawaida watu wanne hadi sita, ulioshamiri katika miji mikubwa ya Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mmoja anaimba maneno yenye maana. Huyo tumwite kinara. Waliobaki ni waitikiaji, ila usiwafikirie kama waitikiaji wa taarabu, wanaosubiri ubeti uishe ndipo waingie na kiitikio. Waitikiaji wa duwopu wako kazini karibu muda wote, chini ya kinara, kwa silabi: du, wa, shu, bam, dip. Jina la mtindo limetoka humo humo, kwenye “du” na “wop”.

Jambo la kuchekesha ni kwamba waimbaji wenyewe hawakuuita hivyo. Ungemwendea Lymon mwaka 1956 ukamsifu kwa duwopu yake, angekukodolea macho. Nyimbo hizo ziliuzwa kama ridhimu na bluzi, au rokenroli, na jina tunalolitumia leo lilianza kuonekana katika maandishi mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtindo wenyewe ukiwa umeanza kuchuja.

Wala si akapela. Akapela ni kuimba bila chombo chochote. Mazoezi ya duwopu yalikuwa akapela kwa sababu vijana hawakuwa na vyombo, lakini rekodi zao ni habari nyingine: nyuma ya sauti utasikia ngoma, besi la nyuzi, gitaa, mara nyingi piano, na katikati ya wimbo saksafoni inapewa nafasi ya kujitapa. Katika wimbo wa The Teenagers saksafoni hiyo ni ya Jimmy Wright.

Kuhusu Wazungu, shina la duwopu ni Wamarekani weusi. Miaka ya 1930 walikuwapo Mills Brothers, walioiga tarumbeta na besi kwa midomo mitupu. Walikuwapo Ink Spots, ambao mwaka 1939 walitoa “If I Didn’t Care”: mwimbaji wa sauti ya juu mbele, na mwenye besi akaja katikati kuyazungumza maneno badala ya kuyaimba. Makanisani kulikuwa na makundi ya watu wanne wanne ya nyimbo za injili. Baada ya vita wakaja Ravens, kisha Orioles wa Baltimore waliovuma na “It’s Too Soon to Know” mwaka 1948. Kwa kuwa yote mawili ni majina ya ndege, waliofuata nao wakajiita Crows, Penguins, Flamingos, Swallows, Cardinals, mpaka orodha ya wanamuziki ikafanana na tundu la ndege. Vijana wa Kiitaliano wa Bronx, kama Dion and The Belmonts, waliingia baadaye. The Teenagers wenyewe walikuwa weusi watatu na wawili wenye asili ya Puerto Rico. Muziki ulifuata mtaa kuliko rangi.

Kila sauti na kazi yake

Fikiria daladala. Besi ni injini, waitikiaji wa katikati ni bodi na viti, kinara ni konda. Abiria wote wanamsikia konda, wanamkumbuka konda, hata wanagombana naye, lakini gari haliendi kwa sauti ya konda.

Katika The Teenagers injini alikuwa Sherman Garnes. Joe Negroni aliimba baritoni, yaani sauti iliyo juu kidogo ya besi. Jimmy Merchant alishika tena ya pili, Herman Santiago tena ya kwanza (tena ni sauti ya kiume iliyo juu ya baritoni), na Frankie Lymon akawa kinara. Hapa ndipo duwopu inapoachana na kwaya. Katika kwaya, soprano wanaweza kuwa kumi; mmoja akikohoa, tisa wanaendelea. Katika duwopu kila sauti ina mtu mmoja, na akikosea hana pa kujificha.

Silabi nazo si upuuzi. Kila moja imechaguliwa kwa kazi. Besi anahitaji herufi inayoanza kwa kishindo, “d” au “b”, kwa sababu anaiga kidole kinachofyatua uzi mnene. Wa katikati wanatumia “u” na “wa” kwa kuwa “w” hufungua sauti taratibu, kama tarumbeta inayoondolewa kifuniko. “Sh” na “p” zinashika nafasi ya ngoma na matoazi. Aliyewahi kuliimba gitaa la muziki wa dansi kwa “ndi-ndi-ndi” anajua mantiki yake. Hakuna anayeuliza “ndi” maana yake nini.

Baada ya silabi zinakuja kodi. Si ile ya serikali, wala ya nyumba. Kodi, kama wapiga gitaa wanavyoiita, ni sauti tatu au zaidi zinazotolewa pamoja zikapatana. Sehemu kubwa ya duwopu imejengwa juu ya kodi nne tu zinazozunguka kwa mpangilio ule ule. Aliyepita kwaya ya kanisani akasoma solfa, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti zikiandikwa kwa herufi zake za kwanza, atazielewa mara moja: ya kwanza ni d m s, ya pili l d m, ya tatu f l d, ya nne s t r. Kila moja inapewa mapigo mawili au manne, kisha unarudi mwanzo. Nyimbo nyingine huweka r f l mahali pa kodi ya tatu, lakini sikio la kawaida halitashtuka.

Huu hapa ni mgawanyo mmoja rahisi. Haukunakiliwa kutoka rekodi yoyote; ni wa kuonyesha jinsi mambo yanavyokwenda:

Besi: d, l, f, s
Baritoni: m, m, f, r
Tena ya pili: s, l, l, s
Tena ya kwanza: d, d, d, t (d hizi ni do ya juu)

Utazame vizuri. Tena ya kwanza amesimama palepale kwa kodi tatu, kisha anashuka nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kati ya sauti mbili. Tena ya pili anapanda hatua moja, anakaa, anarudi alikotoka. Baritoni naye hahangaiki. Anayeruka ni besi peke yake, naye huruka kwa njia ile ile kila mzunguko. Juu yao kinara yuko huru kupita anapotaka, kwa sababu sauti yoyote ya kodi atakayoitua itakuwa na mwenyeji chini yake. Ndiyo maana vijana wa miaka 14 wasiojua kusoma noti waliweza kupanga wimbo mzima jioni moja, tena kwa kusikilizana tu.

Mambo yanapoharibika

Rahisi kujifunza haina maana ya rahisi kuimba vizuri. Kosa kubwa limejificha kwenye ile t ya tena ya kwanza. Kutoka d kushuka t ni nusu toni, lakini mwimbaji mvivu hushuka zaidi kidogo. Akirudi, anarudi kwenye d iliyo chini kuliko ile ya mwanzo, na wenzake wanamfuata kwa sababu wamezoea kumsikiliza. Kila mzunguko unapoteza kiasi cha unywele. Baada ya beti tatu kundi zima limeshuka nusu toni na hakuna aliyegundua, kwa kuwa wameshuka wote pamoja. Watagundua siku piano itakapoingia. Dawa yake ni kuipiga sauti ya kuanzia kwenye chombo, kuimba wimbo hadi mwisho, kisha kuipiga tena na kulinganisha. Wanaofanya hivyo kila mazoezi huacha kushuka baada ya muda. Wasiofanya hushangaa kwa nini wanapendeza barazani na kuchusha studio.

La pili ni irabu. Waitikiaji watatu wakiimba “u”, na mmoja mdomo wake umelegea hadi karibu na “o”, sauti zote zinaweza kuwa sahihi na bado zisigandane. Utasikia watu watatu na mgeni. Hapo wanatazamana midomo. La tatu ni ile “p” ya kufungia silabi: wakiifunga kwa nyakati tofauti inasikika kama mlango unaogongwa. Makundi mengi humpa mtu mmoja tu kazi ya kuitamka, wengine wanaikata sauti bila kufunga midomo. Pumzi nayo haipaswi kuvutwa kwa pamoja, la sivyo wimbo unapata shimo kila mstari. Wa katikati wanapokezana.

Besi ana ugonjwa wake: kukimbia. Yeye ndiye ngoma ya kundi, na kijana mwenye furaha huongeza mwendo bila kujijua. Kinachomrudisha ni vidole. Ukiwaona waimbaji wa mtindo huu wakidundisha vidole, usidhani ni mbwembwe tu. Wanamfunga besi kamba.

Halafu kuna urari wa sauti. Siku hizi kila mwimbaji ana mikrofoni yake na fundi anarekebisha baadaye. Wakati ule waimbaji na wapigaji walirekodi kwa mkupuo mmoja, na urari ulipatikana kwa miguu: mwenye sauti kali anarudi nyuma hatua, kinara anasogea karibu. Mmoja akikosea mwishoni, wote wanaanza upya.

Mahali pa mazoezi palisaidia kuliko watu wanavyodhani. Vijana wa New York waliimba kwenye ngazi za majengo ya ghorofa, vyoo vya shule na vituo vya treni za chini ya ardhi. Kuta za vigae na saruji hurudisha sauti, na mwangwi huo hufanya kazi mbili: unamwezesha kila mmoja kujisikia pamoja na wenzake, na unaziba matundu ya pumzi. Jaribu kwenye ngazi za ghorofa yoyote ya Kariakoo utaelewa. Ubaya ni kwamba mwangwi unabembeleza. Kundi lililozoea ngazi likiingia chumba kikavu cha studio hujisikia uchi.

Vijana watano na jioni moja

Garnes na Merchant walikutana katika shule ya Edward W. Stitt, kaskazini mwa Manhattan. Wakaanza kundi wakaliita Earth Angels, wakabadilisha kuwa Coupe De Villes, wakawaongeza Santiago na Negroni, wakawa Ermines, kisha Premiers. Wanaodhani walizuka usiku mmoja wasome orodha hiyo ya majina. Lymon, aliyekuwa akifanya kazi ndogo ndogo katika duka la vyakula, alijiunga mwisho, akiwa mdogo kuliko wote.

Mwanzoni kinara alikuwa Santiago. Wimbo uliokuja kuwatoa ulianza kama wa kwake, na kwa simulizi ya kundi cheche yake ilitoka kwenye barua za mapenzi ambazo jirani mmoja, aliyekuwa akiwasikia wakifanya mazoezi, aliwapa waokote humo maneno. Richard Barrett, mwimbaji wa kundi la The Valentines, ndiye aliyewasikia na kuwapeleka kwa George Goldner, mwenye kampuni ya rekodi ya Gee. Siku ya kujaribiwa Lymon ndiye aliyeimba mbele. Kwa nini? Wapo wanaosema Santiago alikuwa na mafua, wapo wanaosema alichelewa, na Santiago mwenyewe alisimulia tofauti. Kinachojulikana ni matokeo: wimbo wa kijana ukawa wa mtoto, na hilo liligeuza kila kitu.

Sababu ni ya kimuziki kabla ya kuwa ya kibiashara. Sauti ya mvulana kabla ya kubalehe hukaa juu ya mahali tena wawili wanapobanana. Santiago alipoimba mbele, kinara na waitikiaji walikuwa chumba kimoja. Lymon alipopanda, Santiago akashuka kuziba nafasi ya katikati, na ghafla kundi likawa na orofa mbili: injini chini kabisa, mtoto juu kabisa, na nafasi tupu kati ya paa na waitikiaji ambamo maneno yanasikika bila kugombana na mtu. Kundi likabadilishwa jina, likaitwa The Teenagers.

Chati za Marekani wakati ule zilikuwa mbili, moja ya ridhimu na bluzi, kwa lugha ya wazi soko la weusi, na nyingine ya pop. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza katika ile ya weusi na ya sita katika pop. Julai 1956 ukawa namba moja Uingereza. Kwenye pop haukuwa peke yake, maana waimbaji weupe waliurekodi upya ndani ya wiki chache: Gale Storm, The Diamonds, Gloria Mann. Zikaja filamu “Rock, Rock, Rock!” na ziara za Uingereza mwaka 1957. Kampuni zikaanza kuwinda watoto wenye sauti nyembamba. Hata Lewis, mdogo wake Lymon, alipewa kundi lake, The Teenchords.

Mwaka huo huo wa 1957 Lymon akatengwa na wenzake afanywe mwimbaji wa peke yake. “Goody Goody” ilitoka ikiwa na jina la kundi zima, ingawa waitikiaji walikuwa wa kukodi. Hapa ndipo waliomiliki biashara walipolipa gharama ya kumchukulia konda kuwa ndiye gari. Lymon bila Garnes na wenzake hakuuza kama mwanzo, na wenzake bila Lymon hawakuuza. Muda mfupi baadaye sauti ikavunjika, kama inavyovunjika kwa kila mvulana. Hakuna mkataba unaoweza kuzuia hilo, na hakuna aliyekuwa amempangia kazi ya sauti yake mpya. Heroini ilimmaliza Februari 1968, Harlem, akiwa na miaka 25. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Jackson 5 walitoka na muundo ule ule wa wavulana watano, kinara wao akiwa na miaka 11.

Senti mbili

Sasa pesa. Wimbo mmoja ni mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na tuni, na kuna rekodi, yaani sauti iliyonaswa studio siku ile. Utunzi ni ramani ya nyumba. Rekodi ni nyumba moja iliyojengwa kwa ramani hiyo. Wengine wanaweza kujenga nyumba nyingine, ila mwenye ramani hulipwa kila mara.

Kwa sheria ya Marekani ya 1909 malipo ya ramani yalikuwa senti mbili kwa kila nakala iliyouzwa, na kiwango hicho hakikuguswa mpaka 1978. Kwa desturi mchapishaji wa wimbo, yaani kampuni inayosimamia haki za utunzi, huchukua nusu, watunzi hugawana nusu. Tufanye hesabu ya mfano: nakala milioni moja ni dola 20,000. Mchapishaji 10,000, watunzi 10,000. Watunzi wakiwa watatu, kila mmoja dola 3,333. Jina moja likiongezwa au kutolewa kwenye karatasi, hesabu yote inahama.

Redio ni hivyo hivyo. Hadi leo stesheni za kawaida za Marekani humlipa mtunzi na mchapishaji, si mwimbaji. Sauti ya Garnes ikilia redioni mara elfu, Garnes kama mwimbaji hapati kitu. Kwenye santuri alipata mrabaha wa mkataba, na katika mikataba ya aina hiyo gharama za studio hukatwa kwanza.

Hapa pia kuna dhana ya kurekebisha: kwamba Wazungu waliorekodi upya nyimbo hizi waliwaibia watunzi. Waliwanyang’anya waimbaji weusi soko, hilo ni kweli. Lakini mwenye jina kwenye utunzi alilipwa kwa kila santuri ya Gale Storm kama alivyolipwa kwa ile ya Lymon. Kwa hiyo swali la maana ni jina la nani liliandikwa.

Santuri za kwanza ziliwataja Lymon, Santiago na Goldner. Utunzi uliposajiliwa mwaka 1956, majina yalikuwa mawili: Lymon na Goldner. Merchant hakuwamo kabisa. Goldner hakuwa mtunzi. Alikuwa mtu mwenye sikio kali na studio ya kulipia, sifa ambazo zina thamani yake, lakini kusimamia rekodi si kutunga. Wala hakuwa peke yake. Mtangazaji wa redio Alan Freed aliandikwa mtunzi mwenza wa “Maybellene” ya Chuck Berry. Goldner, aliyekuwa mcheza kamari wa mbio za farasi, aliishia kuuza kampuni zake kwa Morris Levy, mfanyabiashara wa rekodi, na baada ya hapo jina la Levy likaanza kukaa mahali pa lake. Yaani utunzi ulipokelewa na mtu ambaye hakuwapo hata chumbani.

Afrika tunalijua hili. Mwaka 1939 Mzulu Solomon Linda alirekodi “Mbube” na kundi lake Evening Birds, nao ndege. Aliuza haki zake kwa kampuni ya Gallo kwa shilingi 10. Mwaka 1961 The Tokens, kundi la duwopu la Brooklyn, walifika namba moja Marekani na wimbo uliojengwa juu ya tuni hiyo, “The Lion Sleeps Tonight”. Linda alikufa 1962, na binti zake walifikia suluhu ya malipo mwaka 2006. Nasi kwetu bado tunabishana nani hasa alitunga “Malaika”.

Kesi ya The Teenagers iliamshwa na Diana Ross, aliyeurekodi upya wimbo huo mwaka 1981 na kuuza sana. Kwa sheria ya wakati ule hakimiliki ilidumu miaka 28, kisha ilihitaji kuhuishwa. Mtunzi akiwa amekufa, haki ya kipindi kipya huenda kwa mjane na watoto. Jumlisha 1956 na 28 upate 1984. Ndiyo sababu wanawake watatu walijitokeza, kila mmoja akidai kuwa mjane wa Lymon, mmoja wao Zola Taylor wa kundi la The Platters. Mahakama ya rufani ya New York ikampa haki mwalimu wa shule kutoka Georgia. Watu husimulia kisa hicho kama kichekesho cha ndoa, kumbe kilikuwa hesabu ya kalenda.

Santiago na Merchant walifungua kesi yao wenyewe. Garnes alikuwa amekufa 1977 na Negroni 1978. Levy alipatikana na hatia ya kula njama za unyang’anyi katika shauri jingine mwaka 1988, akafa 1990 kabla ya kutumikia kifungo. Mwaka 1992 baraza la wazee wa mahakama liliwatambua Santiago na Merchant kuwa watunzi wenza. Mwaka 1996 mahakama ya rufani ikautengua uamuzi huo. Haikusema hawakutunga. Ilisema sheria inampa mtu miaka mitatu tangu ajue kwamba jina lake limeachwa, nao walikuwa wamejua kwa miongo mitatu.

Kwa hiyo ukumbi ukilipia leseni ya wimbo huo, hata kama wanaoimba jukwaani ni Santiago na Merchant wenyewe, fungu la mtunzi linapita juu ya vichwa vyao na kwenda kwa majina yaliyo kwenye daftari.